Kibanja changu cha mjini Bukoba, masika hii

Haya wadau nimerudi na maendeleo ya kibanja, yani shamba la migomba la nyumbani kama tunavyoliita huku. Kwa mgeni, naishi Bukoba mjini, kiwanja cha kawaida tu, nyumba mbele, nyuma kuna migomba, mibuni michache ya robusta, banda la kuku wa kienyeji, matuta ya mboga na simtanki la lita 2,000. Mvua tunapata karibu milimita 2,000 kwa mwaka na Aprili ndo inakuwa kali kuliko miezi yote, kwahiyo mradi wangu ni wa kuishi na maji na kuhakikisha yanapopita hayaondoki na utajiri wote wa udongo.

Nieleze hili kwanza mana ndo msingi wa kila kitu ninachofanya. Udongo wetu huku pembeni ya ziwa ni maskini kiasili, mvua ya miaka na miaka imeuosha, nenda pale kwenye rweya, yale majani ya wazi nje ya vijiji, uchimbe uone, haustawi kitu cha maana bila kusaidiwa. Ila ingia kibanja cha mtu hatua chache tu kutoka hapo, udongo mweusi, migomba imenona. Wazee waliutengeneza kwa mikono, walikata nyasi za rweya wakatandaza, wakamwaga samadi ya ng'ombe, mtoto akaendeleza alipoishia baba. Sasa mimi wa mjini sina rweya wala ng'ombe, na mvua ni ileile. Kwahiyo rweya yangu ni mji wenyewe: maganda ya ndizi ya mama ntilie, majani ya mgomba yanayobaki sokoni baada ya watu kufungulia mizigo, makapi ya kahawa, maranda ya mafundi seremala, majivu ya jikoni. Kila wiki kuna kiroba kinaingia hapa nyumbani. Jirani yangu mzee mmoja ambaye kibanja chake kinanipa hamu kila nikipita aliniambia, "Mwanangu, mgomba haushibi mvua, unashiba unachouwekea chini." Nikamwambia ndiyo baba, na mpaka leo nafanya hivyo.

Mwanzo wa Machi nilimalizia gata. Nimeweka upande mmoja tu wa paa, kama mita za mraba 40, na hesabu yake ni rahisi, milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, yani mvua ya milimita 50 inajaza tanki lote kwa mkupuo ukiacha kidogo kinachomwagika. Kwenye bomba la kushukia nimeunga kipande cha bomba la inchi 4 kimesimama, chini kina kofia ya kufungua kwa mkono, yale maji ya kwanza yenye vumbi na mavi ya ndege yanajaa humo kwanza, kikishajaa ndo maji safi yanavuka kwenda tankini. Mvua ikikata nafungua ile kofia yanatoka maji ya rangi ya chai na majani yaliyooza, ukiyaona hutaki kufikiria kwamba yangeingia kwenye maji ya kupikia. Ya kunywa bado tunachemsha.

Shida ya Bukoba ukiwa na tanki ni kwamba Aprili linajaa na mvua bado ndo inaanza. Kwahiyo kazi kubwa ilikuwa ni njia ya maji yanayofurika. Nimechimba mfereji unaokwenda na kimo cha ardhi, haushuki moja kwa moja, upana wa jembe, unatoka tankini unapita juu ya migomba, na kila baada ya hatua kadhaa kuna shimo nimelijaza maganda na makapi. Maji yanatua mule, yanazama taratibu, udongo uliobebwa unabaki shimoni. Mwisho wa mfereji, pale panapobaki tope hata jua likiwaka, nimepanda magimbi. Mahali ambapo maharage yangeoza mizizi magimbi yanafurahi, majani yake saivi ni makubwa kuliko sinia!

Mvua yenyewe huku inapenda usiku wa manane na asubuhi. Usiku upepo unatoka nchi kavu kuingia ziwani, mawingu yanajengeka juu ya maji, upepo wa mashariki unayasukuma kuja kwetu upande wa magharibi, ndo mana ukiamka saa kumi na moja bati linapiga kelele huwezi hata kusikia jogoo. Ratiba ya nyumba imefuata hilo. Nguo mama watoto anafua saa tano jua likitoka, zinaanikwa chini ya bati la varanda, mkaa na kuni zimepandishwa kwenye kichanja, gambuti za watoto ziko mlangoni, na kazi zote za shamba naanza mvua ikishakata.

Aprili katikati, kuku. Hapa naomba mnisikilize vizuri wenye kuku sehemu za mvua. Kinachoua kuku masika zaidi ya baridi ni unyevu wa chini, kuhara damu kunapenda maranda yaliyolowa, vile vijidudu vinavyotoka na kinyesi vikipata unyevu na joto kwa siku moja mbili vinakuwa tayari kuambukiza, na vifaranga ndo wanaondoka kwanza. Kila asubuhi nachota maranda kiganjani nayaminya. Nikifungua mkono yakasambaa yenyewe, sawa. Yakibaki donge, yanatolewa yote siku hiyohiyo yanaenda kwenye mboji. Na ukiinama usawa wa kuku macho yakawasha, jua na wao yanawawasha usiku kucha, ongeza hewa. Nimerefusha bati la banda mbele ili mvua ya upepo isiingie, ukuta wa juu nimeacha wavu mtupu. Chanjo ya kideri (Newcastle) ya tone la jicho napiga kila miezi mitatu, tunapiga na majirani siku moja kwa sababu kichupa kimoja kinatosha kuku wengi na kikishafunguliwa hakikai.

Mboji nayo lazima ifunikwe. Mbolea ya kuku ikikaa wazi kwenye mvua hizi naitrojeni na potasiamu vyote vinasombwa, unabaki na makapi yasiyo na nguvu. Mimi naweka tabaka la samadi, tabaka la majani makavu ya mgomba, juu turubai, nageuza ikitulia.

Migomba inaendelea vizuri, ila masika nakuwa mkali sana na mnyauko, ule ugonjwa wa bakteria unaonyausha migomba. Ulipoingia mkoa wetu katikati ya miaka ya 2000 watu walipoteza vibanja vizima, na ukipoteza migomba Kagera umepoteza chakula cha nyumba. Mkungu ukishatoa chana ya mwisho navunja lile ua dume linaloning'inia, kwa kijiti chenye panda, nalizungusha mpaka linakatika. Kisu situmii hapo, kisu kinabeba ugonjwa kutoka shina hadi shina, na wadudu wanaolitembelea ua nao wanauleta. Panga la kukatia majani linapita kwenye moto au jiki kabla ya kugusa shina lingine, na anayekuja kusaidia anatumia panga la hapahapa, hata kama ni ndugu. Wiki iliyopita nilikuta jani la kati limelegea nikashtuka, nikakata lile shina nikakaa kuangalia kama yatatoka yale majimaji ya njano, hayakutoka, ndani kweupe kabisa. Lilikuwa limevunjwa na upepo tu. Nilimshukuru Mungu pale pale shambani.

Mboga kwa kifupi: mchicha na chainizi vipo kwenye matuta ya kimo cha goti, vinatosha nyumba na vya kugawa. Nyanya ndo zinahitaji paa. Bakajani, ule ugonjwa wa madoa ya kahawia, inahitaji jani likae limelowa masaa kadhaa tu, na Aprili ya Bukoba jani halikauki, kwahiyo nimesimamisha mirunda na nailoni nyeupe juu, pembeni wazi hewa ipite, majani ya chini yote nimepunguza, maji napeleka kwenye shina. Miche iliyo chini ya nailoni ina maua. Ile ya jirani iliyo nje imeshaanza madoa ya kahawia, nimemwahidi tutajenga ya kwake Jumamosi mana mirunda imebaki.

Kinachofuata ni upande wa pili wa paa. Maji yake bado yanamwagikia njia ya watu na kuchimba shimo, nataka yaingie kwenye mfereji kabla ya mvua za Septemba. Mwenye uzoefu wa kuunga gata mbili tanki moja bila kujenga mnara mwingine aniambie bomba la kuvukia alilipitisha wapi.