Jiko langu dogo na dakika kumi za usiku

Jiko letu hapa Mbagala ni dogo, ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Lina sinki moja, jiko la gesi la plate mbili, kabati la vyombo na diaba la maji, maana maji ya bomba hutoka kwa zamu. Kwa miaka miwili nililisafisha kila Jumamosi, saa tatu nzima, na ikifika Jumanne lilikuwa limerudi vilevile. Usiku nikiamka kumchotea mtoto maji ya kunywa, nikiwasha taa tu mende wanatawanyika kutoka kwenye sinki kwenda nyuma ya mtungi wa gesi. Iliniuma sana, kwa sababu nilikuwa najituma.

Aliyenifungua macho ni mama mkwe, alipokuja kukaa nami nilipojifungua mtoto wa pili. Jioni moja alinikuta nakwangua kwa kijiko sufuria ya ugali wa mchana.

"Mwanangu, hii ungeiwekea maji palepale ulipopakua."

"Nilikuwa na haraka, mama."

"Haraka ya mchana ndiyo inayokukalisha hapa sasa hivi."

Kesho yake nikajaribu. Nilipopakua tu, sufuria ikiwa bado na moto wake, nilimimina vikombe viwili vya maji nikafunika. Tulipomaliza kula, ukoko ulikuwa umevimba na kuachia pembeni. Niliushika kwa vidole ukatoka kipande kizima, laini kama karatasi iliyoloa. Stilwaya sikuigusa. Na stilwaya hiyohiyo ndiyo iliyokuwa imezikwaruza sufuria zangu, halafu kwenye mikwaruzo chakula kinanasa zaidi.

Nikaanza kutazama kila kitu jikoni kwa jicho hilo: nini kinaganda, na kinaganda saa ngapi? Maziwa ya chai yakifurika kwenye jiko, nafunga gesi, nasubiri vyuma vipoe kiasi cha kugusika, nafuta kwa kitambaa chenye sabuni ya maji. Kazi ya nusu dakika. Yakilala mpaka asubuhi, nitayatoa kwa kisu. Ubao wa kukatia nyama nao unaoshwa kabla sijakata kachumbari, si baada ya mlo.

Mafuta yalinifundisha kwa hasara. Sinki liliziba, fundi akafungua ule mpira uliopinda chini yake, na ndani mkatoka donge jeupe, zito, limeshikana na punje za wali na maganda ya vitunguu. Nilikuwa nikimwaga mafuta ya kukaangia samaki yakiwa ya moto, na maji ya moto juu yake, nikidhani yanakwenda zake. Kumbe yakifika kwenye kona yanapoa na kuganda. Sasa kikaangio nakifuta kwanza kwa kipande cha gazeti, gazeti linakwenda kwenye taka, ndipo nakiosha. Hata sabuni inatumika kidogo kuliko zamani.

Mende walinichukua muda. Nilikuwa nikiwapulizia dawa wanapotea siku tatu. Nilichokuja kuelewa ni kwamba mende anavumilia njaa kuliko kiu, na mimi kila usiku nilikuwa nikiwaachia maji: vyombo vimelowekwa kwenye sinki, kitambaa kibichi pembeni, tone linadondoka bombani. Kwa hiyo kabla ya kulala natumia dakika kumi. Vyombo vyote vinaoshwa, sinki nalifuta mpaka linakauka, kitambaa nakianika kambani, ndoo ya taka inatoka nje, unga na sukari viko kwenye ndoo za plastiki zenye mfuniko wa kubana. Usikate tamaa wiki ya kwanza. Wale mende wadogo wa kahawia, jike hubeba kifuko chenye mayai 30 hadi 40, kwa hiyo watoto wataendelea kutoka hata ukiwa umeshawapunguza wakubwa. Kwangu ilipita kama miezi miwili ndipo nikawasha taa usiku nisione hata mmoja.

Jambo moja nalisema kwa msisitizo kwa sababu lilinitisha. Siku moja, kwa hamu ya kulitakatisha sinki, nilimwaga dawa ya klorini ya kutoa madoa kisha nikaongeza siki juu yake. Harufu iliyopanda ilinikaba koo, nikatoka nje nakohoa na machozi yananitoka. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu. Ndimu nayo ni vivyo hivyo. Siki ninayo bado, lakini kazi yake ni birika tu: maji yetu ya kisima huacha ukoko mweupe ndani, nachemsha maji yenye siki kidogo, naacha yapoe, nasuuza.

Vitambaa nachemsha kila Jumatano na Jumapili kwa sabuni ya unga, dakika kama kumi. Kitambaa kinachonuka hakisafishi meza, kinaipaka tu.

Gesi ikiisha mwisho wa mwezi tunapika kwa kuni uani, na masizi nayo yana dawa yake, hii nilifundishwa na bibi tangu mdogo: sufuria kabla ya kuiinjika, ipake nje, kote, mpaka chini, sabuni ya mche iliyoloweshwa. Ukimaliza kupika, masizi yanaondoka pamoja na ile sabuni, kwa dodoki na maji tu.