Homoni Ikifungwa, Saratani ya Tezi Dume Hupitia Mlango wa Uani

Mwaka 1941 Charles Huggins alionyesha kwamba mgonjwa akinyimwa homoni za kiume, saratani ya tezi dume iliyosambaa hunywea. Kazi hiyo ilimpa tuzo ya Nobel mwaka 1966, na hadi leo kushusha testosteroni ndio msingi wa tiba ya ugonjwa uliosambaa. Swali zito huja baadaye: testosteroni iko chini kabisa, sindano ya kuishusha haijakosekana hata moja, mbona PSA (protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu kufuatilia ugonjwa) inapanda tena? Sehemu ya jibu imo kwenye vichochezi vya ukuaji.

Hizi ni protini ambazo seli huzitoa ili kuziamuru seli jirani zigawanyike, zihame au zisife. Kila kichochezi kina kipokezi chake juu ya seli. Kwenye tezi yenye afya, vingi hutoka katika tishu inayozishikilia seli za tezi, tena kwa amri ya testosteroni, kwa hiyo ukuaji una mwenye kuudhibiti. Saratani inapokomaa, seli zake huanza kujitengenezea vichochezi vyao na kuvipokea zenyewe.

Chukua kichochezi kiitwacho IGF-1. Hutengenezwa zaidi na ini, na ndani ya damu karibu yote huwa imeshikwa na protini za kuibeba, hasa IGFBP-3. Ikiwa imeshikwa, haiwezi kugusa kipokezi. Sasa, PSA ambayo wengi tunaijua kama namba ya maabara tu ni kimeng'enya kinachokata protini, na IGFBP-3 ni mojawapo ya zile inazozikata. Maana yake, seli zinazomwaga PSA zinaweza kuifungua IGF-1 palepale zilipo, na zikajilisha. Mwaka 1998 utafiti mmoja ulikuta kwamba wanaume wa robo ya juu kwa IGF-1 walikuwa na hatari ya kupata saratani hii takriban mara 4 ya wale wa robo ya chini. Chambuzi kubwa zilizofuata zilithibitisha uhusiano huo, ila ni mdogo kuliko ulivyoonekana mwanzo. Kwa hiyo usihangaike kulipia kipimo cha IGF-1 ili kufuatilia ugonjwa; hakibadilishi uamuzi wa tiba.

Ndani ya seli, amri ya IGF-1 au ya EGF, kichochezi kingine, hupita kwenye njia ya protini za PI3K na AKT. Breki ya njia hiyo ni jeni ya PTEN, na saratani nyingi zilizokomaa zimeipoteza. Majaribio ya maabara ya miaka ya 1990 yalionyesha jambo jingine: IGF-1 inaweza kukiamsha kipokezi cha homoni za kiume hata kama homoni yenyewe ni haba. Huo ndio mlango wa uani. Lakini nisitie chumvi: kwa wagonjwa wengi kipokezi hicho chenyewe bado ndicho kinara, kwa sababu seli hukizidisha, hukibadili umbo, au hutengeneza homoni zake za ndani. Ndiyo maana abirateroni, inayozuia kutengenezwa kwa homoni hizo, na enzalutamidi, inayokizuia kipokezi chenyewe, husaidia hata baada ya sindano kushindwa.

Kichochezi kingine, TGF-beta, kina sura mbili. Mwanzoni huzuia seli zisigawanyike. Baadaye seli huwa viziwi kwa amri hiyo, huku zikiendelea kuimwaga nje, nayo hupumbaza kinga ya mwili na kuzisaidia seli kuachiana na kuhama.

Kituo zinachokipenda ni mifupa, hasa uti wa mgongo na nyonga. Mfupa umehifadhi TGF-beta na IGF ndani yake. Seli za saratani huzichochea seli zinazojenga mfupa, hizo nazo hutoa protini ya RANKL inayoamsha seli zinazoula mfupa. Mfupa ukiliwa, vichochezi vilivyokuwa akiba humwagika na kuilisha saratani, na duara huanza upya. Dawa za kulinda mifupa, yaani denosumabu miligramu 120 chini ya ngozi kila wiki 4, au asidi ya zoledroniki miligramu 4 kwenye mshipa, hupunguza mifupa kuvunjika, ingawa hazirefushi maisha. Kabla ya kuanza, meno yakaguliwe na yanayohitaji kung'olewa yang'olewe, maana taya linaweza kuoza. Kalsiamu na vitamini D vipimwe, na figo pia, hasa kwa zoledroniki.

Je, tukizuia kichochezi kimoja? Bevasizumabu, inayozuia VEGF (kichochezi cha kuotesha mishipa ya damu), iliongezwa kwenye dosetakseli, dawa ya kemotherapi. Wagonjwa hawakuishi muda mrefu zaidi, na madhara yaliongezeka. Dawa za kuzuia kipokezi cha EGF na cha IGF-1 nazo hazikufua dafu. Ukiziba njia moja, seli hupita nyingine. Matumaini yangu yako kwenye kuchagua mgonjwa kwanza: ipatasetibu, inayozuia AKT, ilichelewesha ugonjwa kwa waliopoteza PTEN. Sukari hupanda kwa dawa hizo kwa kuwa insulini hutumia njia hiyohiyo.

Katika ufuatiliaji, makosa mengi ni ya kusoma namba. Baada ya upasuaji wa kuondoa tezi, nusu ya PSA hutoweka kila siku 2 hadi 3, hivyo pima baada ya wiki 6 hadi 8, si wiki ya pili. Kurejea kwa ugonjwa ni nanogramu 0.2 kwa mililita au zaidi, ikithibitishwa na kipimo cha pili. Baada ya mionzi, ni ongezeko la nanogramu 2 juu ya kiwango cha chini kabisa kilichofikiwa. Kupanda kidogo na kushuka katika miaka ya mwanzo hutokea bila saratani kurudi. Tumia maabara ileile. Anayetumia finasteridi, dawa ya tezi dume iliyovimba, kwa muda mrefu huku tezi yake ikiwa bado ipo, PSA yake husomeka takriban nusu. Aliye kwenye sindano za homoni apimwe testosteroni siku ileile na PSA: ikizidi nanogramu 50 kwa desilita, huenda sindano ilichelewa au haikufanya kazi, na si sahihi kusema saratani imekuwa sugu.

Na mgonjwa mwenye saratani kwenye mifupa akipata maumivu mapya ya mgongo pamoja na miguu kulegea au mkojo kukwama, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Neva kuu iliyo ndani ya uti wa mgongo ikibanwa, saa chache huamua kama atatembea tena.