Siku moja maishani mwangu: mwalimu wa chekechea, Igombe

Saa 11:00 alfajiri. Wakati wa giza sihitaji kengele ya simu. Kwa watu wa mwalo, yaani pale mitumbwi inaposhushia samaki, giza ni zile siku ambazo mwezi haupo angani na dagaa wanafuata taa. Mitumbwi ikianza kurudi Igombe, huku kwetu Mwanza kando ya Ziwa Victoria, nasikia injini zake nikiwa bado kitandani, na hapo hapo najua kituoni kutakuwaje: akina mama watawahi mchangani kupata dagaa wabichi, na watoto watafika kwangu kabla jua halijapanda, wengine hata uso hawajanawa. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi inapumzika, watoto wanakuja saa mbili wamepakwa mafuta wanang'aa, na ada inachelewa. Mzazi wa dagaa analipa kwa kufuata mwezi wa angani, siyo wa kalenda, na sisi tumeshazoea.

Nimeambiwa mara nyingi kwamba nalipwa kucheza na watoto. Nimeambiwa kanisani, nimeambiwa kwenye daladala, na shangazi yangu mwenyewe ameniambia. Ndiyo maana naieleza Jumanne iliyopita jinsi ilivyokwenda, pamoja na nilikotoka, kwa sababu bila mama, bibi na kaka yangu nisingekuwa kwenye kazi hii.

Saa 12:20. Nafungua, nafagia, nachota maji, naosha choo. Kisha nazunguka uwanja mzima nimeinama nikitafuta chupa zilizovunjika na ndoano. Ndoano hazikosekani huku ziwani, na mtoto wa miaka mitatu hukanyaga kwanza ndipo aangalie. Siku hiyo nimeokota mbili.

Saa 12:45 wa kwanza wanaingia. Tuna watoto 46. Mwongozo unataka mwalimu mmoja kwa watoto 25, na siku zote tuko walimu wawili, kwa hiyo tunatosha. Jumanne hiyo mwenzangu kaamka na mtoto mgonjwa, akanitumia ujumbe. Nimebaki mimi na mama anayetupikia uji.

Saa 1:30. Hapa ndipo siku ilipokwamia.

Kulwa na Doto ni pacha, na majina yao ni yale ya pacha wengi Usukumani. Wana miaka mitano. Asubuhi hiyo hawakuletwa na mama yao kama kawaida, wameletwa na baba yao kwa pikipiki. Ni mtu mzima, nikamwamkia, akaitikia vizuri. Doto akashuka taratibu. Nikaona mkono wake wa kushoto umezungushiwa kitambaa tangu kiganjani hadi karibu na kiwiko, kimefungwa fundo mbili. Nikajua ameumia. Nikauliza.

"Hajaumia, mwalimu. Nimemfunga. Huyu mtoto ni mashoto, na wewe unamwangalia tu."

Akatoa daftari la Doto kwenye mfuko wa koti, akalifungua juu ya tanki la pikipiki. Kurasa tatu zina mistari ya kupinda na duara, nyingine zote nyeupe. Hapo likaingia la pili: kwa nini daftari halina kitu? Mtoto wa jirani yake anaandika mpaka 100. Yeye analipa, na kila jioni akiuliza leo mmefanya nini, anajibiwa tumecheza na udongo.

Namuelewa. Tangu mwaka 2016 shule za serikali hazitozi ada, darasa la awali likiwemo, kwa hiyo mzazi anayelipa kituo anataka kukiona anachokilipia, na kitu rahisi kukiona ni daftari lililojaa. Nikamwambia Doto anafinyanga udongo kwa sababu vidole vyake bado laini, na kidole kisicho na nguvu kikilazimishwa penseli kinaichukia. Nikamwonyesha kamba ya shanga alizotunga mwenyewe wiki iliyopita, nyekundu mbili, nyeupe moja, nyekundu mbili, nyeupe moja, hadi mwisho bila kukosea. Nikamwambia hiyo ndiyo hesabu yenyewe. Akaishika, akaigeuza, akairudisha.

"Sawa. Na mkono?"

Wakati huo watoto kama thelathini wako nyuma yangu. Mmoja analia kwa sababu mwenzake kamkalia kwenye mkeka. Mwingine amejikojolea na amesimama ameachanisha miguu, ananiangalia kimya. Nimemwomba Baba Kulwa anisubiri dakika mbili, nimembadilisha yule mtoto, nimerudi. Bado yupo. Nilijua hajaja kugombana, mtu aliyekuja kugombana huwa hasubiri.

Akanieleza linalomsumbua. Alisema Doto akikua hivi atamtia aibu ukweni. Atampa mkwe maji kwa mkono wa kushoto. Atapokea zawadi kwa kushoto. Watu watasema huyu hakulelewa. Alikuwa anasema kweli kabisa kutoka moyoni, na mimi nimelelewa huku huku, sikuweza kumwambia hayo ni mambo ya zamani. Nikamwambia hivi: kusalimia, kupokea na kumpa mkubwa kitu, Doto atafundishwa kwa mkono wa kulia, na nitamfundisha mimi mwenyewe kila siku wakati wa uji. Lakini penseli, kijiko cha kuchezea mchanga na mpira, aachiwe mkono aliozaliwa nao. Karibu mtu mmoja kati ya kumi duniani anatumia kushoto. Si ugonjwa, wala si utundu.

Akakaa kimya. Kisha akaniuliza nimejuaje.

Ilibidi nimweleze habari ya kaka yangu, pale pale getini, saa mbili kasoro, nimeshika suruali iliyoloa.

Kaka yangu ni mashoto. Alipopelekwa shule ya vidudu, kama tulivyoita wakati ule, mwalimu wake alimpiga kwa ubavu wa rula kwenye vifundo vya vidole kila alipohamishia penseli kushoto. Ikashindikana, akamfunga mkono nyuma kwa mkanda wa sare. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka akirudi nyumbani anashindwa kushika kijiko. Akaanza kuugua tumbo kila asubuhi. Akaanza kujificha nyuma ya mawe, na nyumbani kwetu mawe hayaishi. Shule yake iliishia darasa la pili. Hadi leo akitumiwa ujumbe kwenye simu ananiletea mimi nimsomee, mtu mzima mwenye watoto wanne. Na huyo ndiye fundi ambaye mitumbwi yake watu wa Kayenze wanaifuata, anapiga msumari kwa kushoto na haukosei ubao.

Baba Kulwa akauliza, "Huyo fundi ndiye kaka yako?" Nikaitika. Mtumbwi wa shemeji yake Baba Kulwa aliutengeneza kaka.

Hakusema nimeshinda. Alisema atazungumza na mama yao. Lakini alipiga goti moja chini, akafungua fundo la kwanza, akashindwa la pili kwa sababu lilikuwa limekaza, akalifungua kwa meno. Kwenye ngozi ya Doto palibaki alama za uzi wa kitambaa, kama mistari ya daftari. Nikampaka mafuta kidogo. Akakimbilia kwenye udongo.

Saa 2:30 hadi saa 4:00. Nyimbo, kona za michezo, hesabu za vizibo na kokoto, choo, choo tena. Chuoni tulifundishwa kipindi kimoja cha awali kiwe dakika 20, na ukiwa peke yako na watoto 46 unaelewa vizuri kwa nini.

Saa 4:00. Uji wa mahindi, ulezi na karanga. Doto amepokea kikombe kwa mkono wa kulia, ameniangalia kuona kama nimeona. Nimeona.

Uji ukinywewa huwa napata nafasi ya kukaa, na nikikaa namkumbuka mama. Mama yangu alianika dagaa miaka yote ya utoto wetu. Wenzake walikuwa wanamwachia watoto, kwa sababu sehemu yake ya kuanikia ilikuwa karibu na mwembe wenye kivuli. Hakuna aliyemlipa. Siku hizi anakuja ofisa ustawi wa jamii kukagua kituo, anapima nafasi, anahesabu matundu ya choo, na ni vizuri hivyo. Wakati wa mama kulikuwa na mwembe, turubai na kanga ya kumfunikia anayelala.

Dagaa wakimwagwa wanakuja na vitu vingine: samaki wadogo waitwao furu, konokono, majani. Mama alitukalisha ukingoni mwa turubai na kutupa kazi. Furu huku, konokono huku, majani yatupwe. Wadogo kabisa walipewa konokono tu, kwa sababu hawachomi kama miiba ya furu. Aliyemaliza alihesabu konokono wake kwa sauti, na mama aliitikia kila namba bila kuinua kichwa, mikono ikiendelea kutandaza dagaa. "Saba." "Eeh, saba." "Kumi." "Umeruka tisa, rudi." Aliishia darasa la nne. Miaka mingi baadaye nikiwa chuoni nasomea cheti, mkufunzi akaandika ubaoni "kuainisha, kupanga, kuhesabu", akatuambia hizo ni stadi za mwanzo za hisabati kwa mtoto. Nikaliona turubai. Nikamsikia akisema rudi tisa. Nililia darasani siku ile, na sijutii.

Saa 5:00 na kitu. Mvua. Paa letu ni bati tupu bila dari, mvua ya ziwani ikilipiga hamsikilizani. Watoto wanapandisha sauti kuishinda mvua, wadogo wanalia kwa radi, na ukijaribu kupiga kelele kuliko wao koo linakauka ndani ya dakika tano. Hapa ndipo namshukuru bibi. Bibi mzaa mama alikuwa akitutegea vitendawili jioni, Kiswahili na Kisukuma vimechanganyika, na tulivyozidi kelele ndivyo yeye alivyozidi kushusha sauti. Hakuwahi kusema nyamazeni. Midomo yake ilikuwa inacheza tu, mpaka tunasogea wenyewe, tunambana magoti, tunabanana hata wengine wasipumue, ili tusikie.

Nikakaa chini katikati ya mkeka nikaanza kuchezesha midomo. Walioko karibu wakanyamaza. Wakasogea. Wa nyuma wakaona wenzao wamesogea, nao wakaja. Nikaikunja mikono yangu duara, nikanong'ona: kitendawili. Tega. Nyumba yangu haina mlango. Yule aliyejikojolea asubuhi, ambaye huwa haongei, akanivuta sikio akasema, "Yai."

Baada ya hapo saa sizikumbuki vizuri. Kulikuwa na chakula cha mchana kwa wanaoshinda, magodoro kutandikwa, mmoja kushikwa na homa, simu ya mama yake haipatikani, nikamtuma kijana wa bodaboda mwaloni akamtafute kwa jina. Nilimbeba mgongoni muda wote, kwa kitenge cha mama mpishi, huku nawafunika wengine. Mama yake akaja anahema, wakaenda zahanati. Ndege ilipita chini ikienda kutua, wote waliolala wakaamka. Nikawalaza upya. Mtu akimaliza saa nzima ya kulaza watoto ishirini na sita, kiuno chake ndicho kinachojua.

Saa kumi wengi wakachukuliwa. Saa kumi na moja wakabaki wanne. Kufika saa kumi na mbili kasoro amebaki mmoja, tumekaa naye kizingitini tunahesabu pikipiki. Mama yake amefika jua linazama, magamba bado yamemganda kwenye mikono. "Nisamehe mwalimu, gari la kupeleka dagaa Kongo limechelewa kupakia." Sikuwa na la kumsamehe. Mama yangu aliwasubiri wenzake hivyo hivyo, wakati mwingine mpaka giza. Akanifungia dagaa wakavu kwenye gazeti, nikapokea.

Nyumbani nimemkuta kaka ananisubiri barazani na simu yake. Ujumbe wa mteja wa Ukerewe, anaulizia bei ya mtumbwi wa futi 28. Nimemsomea mara mbili, nimemjibia anavyosema. Kisha nikamsimulia habari za Doto, kitambaa, fundo, meno.

Akauliza kitu kimoja tu. "Alimfungua mwenyewe?"

Nikamwambia ndiyo, baba yake mwenyewe.

Hakuongeza neno. Akaingia ndani ya kibanda chake, nikasikia msumeno. Nilikuwa nimemwomba vipande vya mbao vya kona ya ujenzi tangu wiki iliyopita, vile vinavyobaki kwenye mitumbwi. Nilihitaji kumi na viwili. Alinikatia ishirini, akavipiga msasa pembe zote kwa mkono wa kushoto chini ya taa, na mimi nikakaa karibu yake nikivihesabu kwa sauti kila kimoja kilipomalizika.