Jumamosi Niliyoisikia Face to Face

Nilipohamia Muswell Hill, kaskazini mwa London, nilikuwa muuguzi mgeni kutoka Tanga, na muziki wa gitaa niliokuwa nao kichwani ulikuwa wa baba yangu: Atomic Jazz, Jamhuri Jazz, zile bendi za nyumbani ambamo solo, rizimu na besi husemezana mpaka ukasahau kuwa yupo na mwimbaji. Za Waingereza wa miaka hiyohiyo ya sitini niliwajua Beatles na Rolling Stones, tena kwa majina zaidi kuliko kwa nyimbo. The Kinks, bendi nyingine ya London ya wakati huo, sikuwa nimewasikia kabisa.

Mama mwenye nyumba alikuwa mwalimu mstaafu, mzaliwa wa palepale mtaani. Jumamosi moja ya Januari mvua ilinyesha tangu alfajiri, nami sikuwa na zamu. Akanikuta jikoni na chai yangu, akaniuliza kama ningependa kusikia santuri za majirani zake wa zamani, hao The Kinks.

Alianza na "You Really Got Me" ya mwaka 1964, kwa sababu, alisema, kila mtu huanzia hapo. Dave Davies, mpiga gitaa na mdogo wa ndugu wawili wa bendi hiyo, aliichana kwa wembe karatasi ya spika ya amplifaya yake ndogo, na gitaa likatoka na ule mkwaruzo ambao wapiga gitaa wengi walikuja kuutafuta baadaye. Niliusikia ukali wake na nikauheshimu. Lakini masikio yangu yalilelewa na magitaa yanayopishana kwa adabu, na wimbo ule wa dakika mbili na kitu ulipita bila kunishika. Naye aliliona hilo. Akaniambia hizo ni za redioni, sasa niketi nisikilize albamu.

Albamu aliyoichagua ni Face to Face, iliyotoka Oktoba 1966. Inaanza kwa mlio wa simu. Sisi tulio mbali na kwetu tunaujua uzito wa mlio huo: kabla hujapokea, moyo umeshauliza ni nani anaumwa. Wimbo huo wa kwanza ukapita kwa furaha, kisha ukaja wa pili, "Rosy Won't You Please Come Home".

Sijui niueleze vipi bila kuuharibu. Ni wimbo mfupi. Anayeimba ni mtu aliyebaki nyumbani, anamwita Rosy arudi. Chumba chake ni kisafi na hakuna anayelala humo. Mama hajui binti yake yuko wapi. Atamwokea keki, mradi aseme tu kwamba amepanda ndege ya kwanza. Ray Davies, kaka yake Dave, aliutunga akiwa na miaka 22, na Rosy huyo alikuwepo kweli: ni dada yake Rose, aliyehamia Australia na mumewe mwaka 1964. Ray alikuwa ameishi kwa dada huyo kwa muda katika utoto wake, kwa hiyo kuondoka kwake kulimkata kama anavyokatwa mtoto.

Nyimbo za aliyesafiri nilizijua nyingi. Kwetu pia zipo, za kijana aliyeko mjini anayemkumbuka mama. Huu ulinijia kutoka upande wa pili wa simu. Mama yangu alikuwa na kawaida ya kuniambia kuwa chumba changu anakifagia, na kwamba siku nitakayotua atanipikia mkate wa sinia. Mimi nilikuwa nikijibu, "Inshallah, mama," kisha naendelea kuhesabu kodi na zamu za usiku. Pale sebuleni, mbele ya mtu ambaye sikuwa nimemzoea sana, nililia. Mama mwenye nyumba hakuniuliza kitu. Aliinua sindano, akasubiri, akaurudisha wimbo mwanzo.

Mchana mvua ilipungua, akanipeleka Fortis Green kuiona nyumba ya akina Davies, pale Denmark Terrace, ng'ambo ya baa ya Clissold Arms ambako vijana wale walianza kupiga mbele ya watu. Ni nyumba ya kawaida mno, imebanana na wenzake. Familia hiyo ilikuwa na watoto wanane, wasichana sita kwanza, kisha Ray na Dave. Jumamosi usiku familia ilijazana chumba cha mbele, kwenye piano, na kila mtu aliimba. Nilisimama pale nikaelewa kwa nini nyimbo zao zimejaa shangazi, majirani, bili na chai: mtunzi alikulia katikati ya watu wengi wanaoongea kwa wakati mmoja. Ipo na sababu nyingine. Kuanzia mwaka 1965 chama cha wanamuziki cha Marekani kiliwanyima vibali vya kupiga huko kwa takriban miaka minne. Wenzao walikuwa wakizunguka Marekani, wao wakabaki London, na Ray akazidi kuandika juu ya alichokiona dirishani.

Jioni tulirudi kwenye santuri. Alinipigia The Kinks Are the Village Green Preservation Society, iliyotoka Novemba 22, 1968, siku ileile Beatles walipotoa albamu yao ya jalada jeupe. Haikuingia hata kwenye chati. Nilipoisikia nilishangaa watu waliwezaje kuiacha ipite, maana hakuna wimbo mmoja humo uliowekwa kujaza nafasi, na besi ya Pete Quaife inatembea kwa utamu ambao baba yangu angeutambua mara moja. Mwaka uliofuata walitoa Arthur, iliyobeba jina la shemeji yao, mume wa Rose, na ndani yake upo wimbo mrefu unaoitwa "Australia". Yaani miaka mitatu baada ya kumwita dada arudi, Ray alikuwa bado hajamaliza kuizungumza safari ile.

Yule mama anaishikilia Village Green kuwa ndiyo kilele chao, na waandishi wengi wa muziki wako upande wake. Mimi namwambia mpaka leo, tunapoongea kwenye simu, kwamba kwa anayeanza, hasa kama ameacha watu nyuma, albamu ya kwanza iwe Face to Face, na asiruke ule wimbo wa pili. Yeye husema nasikiliza kama mtoto aliye mbali na mama yake. Ni kweli, na sioni njia nyingine bora ya kuusikiliza.