Kusoma si Kuthibitisha: Mtafiti wa Serikali Mbele ya Siri Iliyovuja

Mwishoni mwa Novemba 2010, WikiLeaks, tovuti inayochapisha nyaraka za siri, ilipoanza kutoa nyaraka za mawasiliano ya balozi za Marekani, ambazo jumla yake ilizidi 250,000, magazeti makubwa ya dunia yalizinukuu kila siku na yeyote mwenye intaneti aliweza kuzisoma. Tarehe 3 Desemba, Ofisi ya Menejimenti na Bajeti ya Marekani iliwakumbusha watumishi wa serikali kuu kwamba hawakuwa na ruhusa ya kuzifungua kwa kompyuta za kawaida za kazini. Wakati huohuo Maktaba ya Kongresi ilikiri kwamba imeifunga tovuti ya WikiLeaks katika kompyuta zake zote, zikiwemo zile za vyumba vya kusomea vya umma. Ndani ya maktaba hiyo ndimo ilimo Idara ya Utafiti ya Kongresi, ambayo tangu 1914 kazi yake ni kuwaandalia wabunge uchambuzi. Mbunge angeweza basi kusoma habari hizo asubuhi gazetini na kumuuliza mchambuzi wake zina uzito gani, na mchambuzi, mtu anayelipwa kwa kujua mambo, ndiye ambaye asingeweza kuufungua waraka wenyewe akiwa mezani pake.

Wengi waliicheka hatua hiyo, nami nilikuwa miongoni mwao. Maji yakimwagika hayazoleki, tulisema. Lakini sheria ina mantiki yake. Amri ya Rais namba 13526, iliyotiwa saini Desemba 2009, inaeleza kwamba taarifa haiachi kuwa siri kwa sababu tu imevujishwa. Vinginevyo kila mvujishaji angekuwa amejitwalia mamlaka ya kuondoa mhuri wa siri ambayo kisheria ni ya maofisa wachache. Kasoro ni kwamba mantiki hiyo haina kikomo. Nyaraka za siri za Pentagon, yaani Wizara ya Ulinzi ya Marekani, kuhusu vita vya Vietnam, zenye kurasa zipatazo 7,000, zilianza kuchapishwa na New York Times Juni 1971, na sehemu kubwa yake ikauzwa madukani kama kitabu mwaka huohuo; Hifadhi ya Taifa ya Marekani ilizitoa rasmi kwa ukamilifu Juni 2011, baada ya miaka 40.

Naamini kosa la msingi ni kuchanganya kusoma na kuthibitisha. Waraka uliovuja, hata ukisomwa na watu milioni, hubaki na shaka fulani, na shaka hiyo ina thamani kwa serikali. Mwaka 2022, katika kesi ya Abu Zubaydah, mfungwa wa Guantanamo, gereza la kijeshi la Marekani nchini Kuba, Mahakama Kuu ya Marekani ilikubali kwamba serikali inaweza kukataa kuthibitisha kuwepo kwa kituo cha siri cha CIA, shirika la ujasusi la Marekani, nchini Poland, ingawa Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilikuwa imekwisha kutamka mwaka 2014 kwamba mfungwa huyo alishikiliwa huko. Mtu hukumu hiyo asiipende (mimi siipendi sana), lakini inaonyesha palipo na hatari.

Sasa, nani anaweza kuthibitisha? Siri ya mtungi aijuaye kata. Mtafiti mwenye kibali cha usalama, yaani ruhusa rasmi ya kuona nyaraka za siri, aliyekwisha kuuona waraka halisi ofisini, akinukuu nakala iliyovuja bila tahadhari huwa ameipigia mhuri wa ukweli kwa jina lake. Hata kusahihisha kosa dogo la gazeti kunatosha. Mtafiti asiye na kibali hana cha kuthibitisha, kwa kuwa anajua kile tu kinachojulikana na msomaji mwingine yeyote. Kuwafunga hawa wawili kwa katazo moja ni kumwadhibu wa pili kwa hatari anayoibeba wa kwanza.

Ningependa mtafiti wa kundi la pili aruhusiwe kusoma kwa kompyuta iliyotengwa na mtandao wa ofisi, maana faili lenye mhuri wa siri likiingia katika mtandao huo mafundi hulazimika kulisaka na kulifuta kila lilikofika. Akiandika, ataje kile vyombo vya habari vilichoripoti, aseme wazi kwamba hathibitishi, na asiambatishe nakala. Zaidi ya yote aupime waraka kama ushahidi wowote wenye mashaka. Aprili 2023, nyaraka za kijeshi za Marekani kuhusu Ukraine zilipoenea mtandaoni, mojawapo ilizunguka ikiwa imechezewa takwimu: vifo vya Warusi vimepunguzwa na vya Waukraine vimeongezwa. Asiyeruhusiwa kuitazama angelinganishaje nakala mbili na kumtahadharisha bosi wake?

Mwenye kibali naye aulize kwanza kwa ofisa wa usalama, na pale ambapo jibu halijaja, anyamaze. Ukimya huo ni sehemu ya kiapo alichotia saini, ijapokuwa ni mgumu kuubeba mezani watu wanapobishana juu ya jambo analolijua.

Njia ya kati imewahi kujaribiwa. Juni 2011, Wizara ya Sheria ya Marekani iliwaruhusu mawakili wa wafungwa wa Guantanamo kutazama faili za wateja wao zilizovuja, kwa sharti kwamba watumie kompyuta zisizo za serikali, wasizihifadhi wala kuzichapa. Ruhusa hiyo ilikuwa finyu kupita kiasi kwa wakili anayejenga utetezi, lakini kwa mchambuzi anayetaka kujua tu kama gazeti limenukuu sawasawa, ingetosha kumwanzishia kazi.