Igoma, Mei 21

Nimetoka makaburini Igoma, kwenye sala na dua za kuwakumbuka wenzetu wa meli ya MV Bukoba, iliyozama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imeshaikaribia Mwanza. Shehe alisoma Fatiha, padri akafuata, kisha mchungaji. Hotuba zilikuwa fupi, nashukuru. Wengi walizikwa pale kwa pamoja bila kutambuliwa, nani atajua huyu alikuwa wa dini gani? Tunawaombea wote. Bibi mmoja wa Kihaya, aliyempoteza kaka yake, amekuja na wajukuu kwa meli ya usiku kutoka Bukoba. Nikamuuliza, "Bibi, hamwogopi?" Akacheka: "Mjukuu wangu, ziwa ni letu, tutapita wapi?" Akanifungulia mfuko wa senene, wale panzi wa kuliwa.