Hesabu ya Mia Saba

Mwanangu ndiye aliyeniharibia mfano wangu. Tulikuwa tunarudi kutoka kanisani Jumamosi iliyopita, mimi nikiendesha gari na yeye akiwa na Katekisimu mapajani, kwa kuwa yuko mwaka wa pili wa kipaimara na mtihani umekaribia. Nilikuwa bado nimechangamka kwa jinsi vijana wa kiume walivyoisikiliza ile habari ya jogoo wa mnada, ambayo wengi wenu mmeisikia kwangu zaidi ya mara moja. Akaniuliza bila kuinua macho: "Baba, wewe ulichukua mia nne. Zilizopungua zilikuwa mia saba. Hizo mia tatu alichukua nani?"

Mimi ni mhasibu. Nimekagua daftari za watu kwa zaidi ya miaka 20, na nimewahi kumkalisha mtu saa nzima kwa ajili ya shilingi 50 zisizo na stakabadhi. Hesabu hiyo nimeisimulia kwa kinywa changu, kwa tarakimu zake, katika semina, katika kambi za Pasaka na hata katika harusi mbili, wala haikunipitia akilini hata siku moja kwamba haikai sawa.

Ilikuwa mwaka 1996, kule kwetu mlimani, nami nilikuwa na miaka 17. Mwinjilisti aliyetulea sisi vijana wa kiume alikuwa mtu wa mambo ya kale. Alikuwa amepokea kwa wazee wake utaratibu ambao mmisionari Bruno Gutmann, aliyehudumu Moshi kwa vipindi kati ya 1902 na 1938, aliutoa katika rika za Wachagga akauingiza katika kipaimara: vijana kufungwa pamoja kama wenzi wa ngao, kila mmoja akiwa mlinzi wa mwenzake, kama wapiganaji waliosimama bega kwa bega. Kwetu jambo hilo lilikuwa limebaki jina tu, lakini yeye alilishika kama amri. Alitupanga wawili wawili, akatufundisha kila Jumamosi baada ya kazi za kihamba, yaani shamba la nyumbani la migomba, na somo lake lilikuwa mstari mmoja, 1 Wakorintho 16:13, "fanyeni kiume, mkawe hodari", ambao aliurudia mpaka tukawa tunautania njiani. Kwake kufanya kiume hakukuhusiana na sauti nene wala na misuli. Kulikuwa ni kurudisha jembe la watu likiwa limeoshwa, kumpisha mama aliyejitwika mkungu katika njia nyembamba, kutosema na binti wa mtu neno ambalo usingelisema baba yake akiwa amesimama hapo, na kuitika unapoitwa. Hilo la mwisho alilisema kuliko yote. Mwanamume akiitwa, huitika.

Basi ikafika Jumapili ya mavuno. Baada ya ibada ulifanyika mnada chini ya mringaringa kama kawaida: mikungu ya ndizi, miwa, maziwa katika vibuyu, mayai yaliyofungwa kwa majani makavu ya mgomba, na jogoo mmoja mwekundu aliyeletwa na mama mjane. Jogoo yule aliuzwa mara tatu, kwa sababu kila aliyemnunua alimrudisha mezani auzwe tena. Mimi na mwenzangu wa ngao tulipewa mfuko wa fedha, tukawa tunapokezana. Jogoo alipofungua kamba kwa mara ya pili, nilipiga magoti ili nimfunge, na katika kuinama kule nikatia sarafu nne za shilingi 100 ndani ya soksi yangu. Nilizitaka kwa ajili ya soda na maandazi. Sina sababu nyingine ya kuwaeleza, ingawa katika kusimulia nimewahi kuongeza habari ya njaa.

Tukaitwa sakristia. Nje mvua ilikuwa imeanza, na bati lilikuwa likipiga kelele kiasi cha kumlazimu mwinjilisti kuhesabu kwa kusogeza midomo tu. Alipanga sarafu vijiti vya kumi kumi, kila kijiti akikinyoosha kwa ukucha wa kidole gumba, na noti akazilaza chini ya Biblia ya madhabahuni zisipeperuke. Chumba kilinuka mishumaa na ndizi zilizoanza kuiva. Jogoo alikuwa amefungwa kwenye mguu wa meza. Hapa sina budi kuwaomba radhi, kwa sababu kwa miaka mingi nimewaambia vijana kwamba wakati ule jogoo aliwika, nao hucheka na kuguna, wakimkumbuka Petro. Jogoo hakuwika. Alikuwa anadonoa kamba ya kiatu changu, cha mguu ule ule wenye sarafu, taratibu, kama mtu anayebisha hodi, nami sikuthubutu kuusogeza mguu kwa kuogopa zisilie.

Mwinjilisti alihesabu mara tatu. Daftari la mnada lilisema 18,450. Mezani palikuwa na 17,750. Akavua miwani, akaiweka juu ya daftari, akasema kwa sauti ya chini iliyonilazimu kuinama ili nimsikie: "Wanangu, imepungua mia saba." Kisha akanyamaza. Nilikuwa nimeikariri amri ya saba, "Usiibe", pamoja na maelezo yake mbele ya usharika mzima siku ya kipaimara, na ninakumbuka kwamba ilinijia yote, neno kwa neno, na kwamba nilijivuna kidogo kwa kuwa sijaisahau. Nilitazama vile vijiti vya sarafu. Kimoja kilikuwa kimeinama. Nikawaza kwamba kikianguka, kelele yake itatuondoa katika ukimya ule na mambo yatakwisha. Hakikuanguka. Mwenzangu, ambaye bega lake lilikuwa likigusana na langu, akasema: "Ni mimi, mwalimu."

Mwinjilisti alimtazama, kisha akanitazama mimi, na macho yake yakakaa kwangu muda mrefu zaidi. Akavaa miwani. Adhabu ikawa Jumamosi saba za kukata majani ya ng'ombe wa mchungaji, nami nikaambiwa nimsindikize mwenzangu kwa kuwa ndiye ngao yangu.

Jumamosi tatu tulikwenda pamoja. Ya nne mwenzangu hakuja. Aliniambia wanamtuma nyumbani, akaangalia pembeni. Nikaendelea peke yangu hadi zilipotimia saba, na kina mama niliokutana nao njiani walinisifu kwa jinsi ninavyombebea mwenzangu adhabu. Kila nilipotua furushi uani kwa mchungaji, mwinjilisti alikuwa amesimama pale, akiniuliza: "Una neno, kijana?" Nami nilijibu: "Sina neno, mwalimu." Nilidhani ananijulia hali.

Hivyo ndivyo mfano wangu ulivyozaliwa. Katika mfano huo, rafiki alijitwika kosa langu kama Kristo alivyojitwika letu, nami kwa toba ya moyoni nikambebea majani siku nne, hapo nikifungua Wagalatia 6:2, "Mchukuliane mizigo". Ni mfano mzuri. Vijana wameulilia. Kijana mmoja aliwahi kunifuata baada ya semina akiwa na simu ya mjomba wake aliyokuwa ameiuza kisha akaikomboa, akasema ni kwa ajili yangu.

Usiku ule wa swali la mwanangu nilimpigia simu mwenzangu, ambaye sasa anauza vifaa vya ujenzi Arusha. Nilimuuliza moja kwa moja. Alicheka mpaka akakohoa.

"Mia tatu nilichukua mimi, ndugu yangu. Kwani ulidhani niliungama dhambi ya nani?"

Nikamkumbusha kwamba alikubali mia saba nzima. Akasema hakukubali kiasi chochote; alisema ni yeye, na kweli alikuwa ni yeye. Jioni ile mwinjilisti alimwita faragha akamuuliza ni kiasi gani, naye akamwambia mia tatu. Basi nikamuuliza mbona Jumamosi zilikuwa saba.

"Saba zilikuwa zetu wawili. Baada ya ile ya tatu aliniambia, zako zimekwisha, mwache mwenzako amalize zake. Akanikataza nisikuambie."

Nilikaa na simu sikioni. Mwinjilisti alifariki mwaka 2011, na kwa kuwa nilihesabiwa kuwa tunda lake bora, mimi ndiye niliyesoma wasifu wake makaburini, na ndani ya wasifu huo niliziweka zile Jumamosi nne. Mwenzangu alikuwapo, amesimama nyuma ya umati chini ya mwavuli. Nilimuuliza kwa nini hakunivuta kando siku ile. Akasema alidhani ninajua. Alidhani hiyo ndiyo namna niliyochagua kuungama, kwa mafumbo, kama wasomi wanavyofanya.

Tangu hapo nimejaribu kuuandika mfano upya, kwa sababu katibu wa vijana anausubiri kwa kambi ijayo. Jogoo nimemnyamazisha. Wagalatia 6:2 nimeiacha palepale, kisha jicho likashuka mistari mitatu tu, kwenye lile neno kwamba kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe, nikafunga Biblia. Mtu aliyejitoa kwa ajili ya rafiki ninaweza kumhubiri hata nikiwa usingizini. Kijana wa miaka 17 aliyesema tu kwamba ni yeye, kwa kuwa alikuwa ni yeye, wakati ngao yake iko kimya pembeni, sijui nimhubirije, na huenda ndiye aliyekuwa akifundishwa Jumamosi zote zile wakati mimi nautania mstari.

Jana jioni nilimpa mwanangu majibu yake. Alisikiliza hadi mwisho, akafikiri, akauliza: "Lakini majani alikula ng'ombe wa mchungaji. Zile fedha za sadaka zilirudi?"

Nikachukua karatasi, nikaanza kutafuta shilingi 400 za mwaka 1996 ni ngapi kwa thamani ya leo, naye akavuta kiti akakaa karibu ili aone ninavyofanya. Mama yake alikuwa ametuita chakulani mara mbili, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameitika.